Msomaji wa Bariere

Masisi, kilimani, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Mdogo wangu Eugène,

Nakusalimu, Papa anakusalimu, na jirani yetu Mama Noëlla anasema umelisahau jina lake, kwa hiyo naliandika mara mbili: Noëlla, Noëlla. Sisi tuko wazima. Mvua imeanza vizuri, viazi vimeota, ng'ombe wanakamuliwa na jibini linatoka. Mguu wa kushoto wa Papa bado unamsumbua asubuhi, lakini jua likitoka anausahau. Msalimie mke wako Wivine, na mtoto umbusu.

Usishangae kupata karatasi badala ya sauti yangu. Antena ya simu iliyokuwa juu ya shule imeangushwa, na hata ingekuwepo, hakuna tena anayependa kutembea na simu njiani. Barua hii anakuletea Epiphanie, yule mama anayepita msituni kwa mguu na chumvi yake. Yeye hapiti bariere, kile kizuizi cha wenye bunduki barabarani, ndiyo maana naweza kukuandikia wazi. Lakini njia yake ni ya hatari, si ya kumsumbua kila mara. Kuanzia sasa barua zetu zitapita kwa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Kalembe, kwenye lori lake la maharage. Na Muhindo lazima apite kwa wale wenye bunduki. Kila barua pale inafunguliwa na kusomwa. Ameniambia mwenyewe: "Mama Libérata, muandike mambo ya furaha tu. Nani iko wapi, nani alikimbia, ile hapana. Mutaniuwisha."

Basi nimeweka sheria na wewe uifuate. Hatutaandika vita, wala askari, wala barabara imefungwa wapi. Tutaandika vakansi, safari ya mapumziko.

Ndiyo, vakansi. Papa anataka kwenda Boma, mwisho mwingine wa nchi. Usicheke. Unakumbuka darasa lake la mwaka wa tano, tulivyoimba: mji mkuu wa kwanza Vivi, wa pili Boma, wa tatu Léopoldville, na asiyejua anabaki kufagia? Maisha yake yote amefundisha Boma, na yeye mwenyewe hajawahi kupita Goma. Juzi alikuwa amekaa mlangoni akaniambia: "Libérata, ile kanisa ya chuma ya Boma, walileta vipande-vipande na meli, wakafunga na buloni na spana. Nilifundishaka watoto ya kilima yote. Nataka nione mbele nikufe." Tangu alipolisema hilo analala vizuri, hata kukohoa amepunguza.

Kwa hiyo tupange, Eugène. Wewe hujafika nyumbani tangu uende kuwapikia wachimba madini kule Bisie. Kutoka kwako hadi kwangu si mbali, lakini siku hizi naona ni rahisi zaidi tukutane Boma.

Dada yako,
Libérata


Walikale, tarehe 2 mwezi wa nne 2025

Kwako yaya Libérata, dada yangu mkubwa, na kwako Papa,

Salamu nyingi. Noëlla, Noëlla, Noëlla: nimeongeza moja ili asinidai tena. Wivine anawasalimu, mtoto ameota meno na anauma kila kitu, hata kiatu changu. Mimi niko mzima. Siku hizi tuko Walikale mjini, maana jikoni kwetu Bisie tumepewa kupumzika kidogo.

Na wewe unayesoma kwenye bariere, salamu pia. Najua upo. Tafadhali nawa mikono kwanza, yaya wangu ni mtu wa jibini, hapendi karatasi yenye mafuta.

Sasa vakansi. Papa, nimeifikiria sana, na mpango ni huu. Nitakuja Kalembe na pikipiki kuwapokea. Mtalala kwetu Walikale, Wivine awapikie samaki. Kisha barabara ya Kisangani. Kisangani tunapanda meli, tunateremka mto hadi Kinshasa, wewe umekaa kwenye kiti juu kabisa, unatuonyesha kila kituo kwa fimbo kama ulivyotuonyesha kwenye ramani. Kinshasa tunapumzika, tunaingia basi la Matadi, na kutoka Matadi hadi Boma ni kidogo tu.

Pale Boma hatutalala kwa watu. Tutalala hoteli. Nataka chumba chenye dirisha upande wa mto, na asubuhi wakuletee chai kitandani, nao wakuite Bwana Mwalimu. Mchana tunakwenda kwenye kanisa lako la chuma, unazigonga kuta kwa kidole, unasikiliza.

Yaya, pima mguu wa Papa kwa kamba, uikate kamba sawasawa na mguu, unitumie ndani ya barua. Mtu haendi kwenye mji wa magavana na viatu vya shambani.

Ndugu yenu,
Eugène


Masisi, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Mdogo wangu,

Tunawasalimu nyote. Mtoto mpe kipande cha muwa atafune, ataacha viatu. Hapa tunaendelea. Ng'ombe mweupe amezaa, ndama jike, na Papa amemwita Vivi. Nilipouliza kwa nini asimwite Boma, alinikemea: "Njo hivi munakosaka pointi. Ya kwanza iko Vivi."

Barua yako Papa amenisomesha kila jioni mpaka nimeikariri, hata pale penye samaki wa Wivine. Anatembea mazoezi sasa, anashuka hadi kanisani na kupanda tena. Akifika juu ananiambia: "Hapa njo Kisangani." Siku inayofuata anaongeza kidogo: "Leo nimefika Lisala." Watu wanamwona anahema na kucheka peke yake, wanafikiri amezeeka vibaya. Mimi sijawahi kumwona na furaha hivi tangu Mama atuache.

Nimetengeneza jibini moja kubwa kwa ajili ya safari. Lipo kwenye ubao wa juu, nalipaka chumvi na kuligeuza kila asubuhi, na kila mtu wa nyumba hii anajua kwamba akiligusa atalala nje. Tutalikata Boma, mbele ya mto. Kisu changu nakuja nacho, siwaamini watu wa hoteli.

Jambo moja. Barua yako ilifika na mistari. Mtu amepigia mstari kwa kalamu ya bluu chini ya "meli", na chini ya "hoteli" amepiga miwili. Mkono wake ni mzuri, umenyooka, bila shaka alisoma. Papa amesema huyo angepata alama nzuri kwake. Basi msomaji wetu ana kalamu. Nawe ndugu msomaji, kama unaona kosa la tahajia, sahihisha, tutashukuru.

Kamba ya mguu wa Papa iko humu ndani. Fundo ni upande wa kisigino. Na unijibu, Eugène: jikoni mmerudi kazini, au bado mnapumzika?

Libérata


Walikale, tarehe 30 mwezi wa sita 2025

Yaya mpendwa, Papa mpendwa,

Hamjambo huko? Wivine alipatwa na malaria lakini amepona, anawasalimu. Ndama Vivi namsalimia kwa heshima zote za mji mkuu wa kwanza.

Kamba imefika nzima. Nimenunua viatu. Papa, ni vya ngozi, rangi ya kahawa, na soli yake inaimba ukitembea kwenye sakafu. Nimeviweka juu ya kabati, vimefungwa gazeti. Wivine anasema navitazama kuliko ninavyomtazama yeye.

Na kuna habari kubwa. Hoteli nimeishika. Rafiki yangu mmoja ana shemeji yake kulekule Boma, amekwenda kutuwekea vyumba viwili, dirisha la mto kama nilivyoahidi. Pia tutapata gari la kutuzungusha, Papa asipande na kushuka na ule mguu. Na nimefikiri kwamba tukishafika mbali hivyo, ni aibu kutoona bahari. Iko karibu. Tutamvua Papa viatu vyake vipya aingize miguu.

Ndugu msomaji, mistari yako tumeiona, asante. Ukitaka kuja nasi sema mapema, kiti cha nyuma kipo. La sivyo tutakuletea soksi.

Yaya, tuanze safari mwisho wa mwezi wa nane, barabara zikiwa kavu. Andika neno moja tu, "tayari", nami nitakuja Kalembe.

Eugène


Walikale, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Yaya Libérata,

Salamu. Sisi tuko wazima. Mtoto anatembea.

Sijapata barua yako. Muhindo alipita hapa wiki iliyopita. Nilikimbia nyuma ya lori lake mpaka sokoni. Akasema, "Sina kitu yako," na nilipomuuliza habari za nyumbani akasema, "Niko na haraka, kaka," akapandisha kioo. Muhindo, ambaye kwa kawaida anaweza kukusimamisha nusu siku kukueleza bei ya maharage. Hakunitazama usoni.

Pengine mvua iliharibu barua. Pengine Papa anakusumbua na maandalizi. Andika neno moja. Si lazima liwe "tayari".

Viatu vipo.

Eugène


Masisi, tarehe 15 mwezi wa tisa 2025

Eugène, mdogo wangu,

Nakusalimu. Kaa chini kabla hujaendelea, na Wivine akae karibu nawe. Barua hii imepita na Epiphanie, haikufunguliwa, kwa hiyo nitakuambia yote mara moja, nikisimama katikati sitaweza kuendelea.

Wale wa bariere walikuja baada ya barua yako ya mwezi wa sita. Walikuja asubuhi, tukiwa tunakamua. Mbele yao alikuwa kijana mrefu mwenye kalamu ya bluu mfukoni mwa shati, na nilipoiona kalamu nilielewa. Alimsalimia Papa vizuri kabisa, akakaa kwenye benchi letu. Akaanza kutusomea barua zako kutoka kichwani, bila karatasi. Meli. Hoteli. Vyumba viwili, dirisha la mto. Gari la kumzungusha mzee. Bahari. Alijua yote, Eugène, hata soli inayoimba.

Akasema: "Mwenye kulipa hoteli miezi mbili mbele, hawezi kosa ng'ombe ya kutusaidia." Wakachukua ng'ombe wote, na ndama Vivi akawafuata mwenyewe, maana mama yake alikuwa anaondoka. Nilisema wachukue tu. Niliwapa hata jibini lililokuwa ubaoni, lile la chini. Nilifikiri imekwisha.

Ndipo mkubwa wao akamgeukia Papa: "Na wewe, muzee, unaenda ku mji mkuu kufanya nini? Unaenda kuona nani? Nani anakutuma?"

Angesema kwamba ni mchezo. Angesema yeye ni mzee, anaota. Lakini unamjua Papa. Akasimama, akashika fimbo, akamwambia: "Boma haiko mji mkuu. Ilikuwaka. Ilikuwa ya pili, nyuma ya Vivi. Kama ulisomaka, ungejua."

Yule mwenye kalamu akacheka kidogo, nadhani alitaka kumsaidia. Mkubwa hakucheka. Akasema mzee huyu anajua mambo mengi ya serikali, aje aeleze vizuri kule kwao. Papa aliomba avae koti lake la kanisani. Walimruhusu. Alivifunga vifungo vyote, mpaka cha juu, akalitazama jibini la safari, akaniambia: "Usisahau kugeuza fromaji." Akaenda akichechemea, wamemshika mikono pande zote mbili.

Nilimpelekea chakula. Mara ya kwanza walipokea sufuria. Mara ya pili wakapokea tena, wakanirudishia ile ya kwanza, imeoshwa, nikafurahi kama mjinga, nikajua ni yeye aliyeiosha, maana ilisuguliwa na majivu, kama kawaida yake. Mara ya tatu walinirudishia sufuria na viazi vyake ndani, vimepoa. Nikauliza Papa yuko wapi. Mmoja tu alinijibu, akiwa anachonga kijiti: "Papa yako alishaenda vakansi."

Ndilo jibu tulilopata. Tangu siku hiyo nimekwenda, nimerudi, nimepiga magoti, hawaniambii lingine. Mwenye kalamu anatazama chini. Mama Noëlla anataka tufanye matanga, paroko naye anasema tusubiri. Nawaambia wote wawili, matanga ya nini, nitakaa upande gani wa nyumba, nitamlilia nani, kama hakuna hata kilima kidogo cha udongo cha kuwekea ua?

Usijilaumu. Najua utaanza. Mimi ndiye niliyeweka ile sheria. Nilisema tuandike vakansi tu, mambo yasiyodhuru. Kama tungeandika ukweli, kwamba tunakula viazi bila chumvi na paa linavuja, wangesoma, wangepiga miayo, na Papa angekuwa hapa ananikemea.

Sina la kukufariji nalo. Jibini la safari bado lipo juu. Naligeuza.

Libérata


Walikale, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Kwako unayesoma kwenye bariere,

Barua hii ni yako. Juu ya bahasha nimeandika jina la dada yangu, lakini ni wewe ninayekuandikia, na nimempa Muhindo aipitishe kwako makusudi. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo mzee alivyotufundisha. Natumaini wewe ni mzima, na mama yako kama yupo, naye ni mzima.

Sasa sikiliza. Hoteli hakuna. Hakujawahi kuwa na hoteli. Rafiki yangu hana shemeji Boma, nami simjui mtu yeyote aliyewahi kufika kule. Gari hakuna. Pikipiki ya kwenda Kalembe ningeazima. Kazi ya jikoni ilikwisha kabla hata sijaandika barua ya kwanza. Mke wangu anauza ndizi za kuchemsha kando ya barabara, nami namchotea maji. Bahari niliiongeza usiku huohuo nilipokuwa naandika, kwa sababu nilimwona mzee akifurahi kichwani mwangu, nikataka afurahi zaidi. Niliandika uongo kwa baba yangu ili apande kilima na arudi akicheka. Nadhani alijua. Yaya wangu pia alijua. Katika watu wote walioshika zile karatasi, ni wewe peke yako uliyeamini.

Kitu kimoja tu kilikuwa kweli, viatu. Vipo hapa juu ya kabati.

Sikuulizi kwa nini. Sikuombi ng'ombe. Kaeni nao. Sikuombi hata uniambie nani alifanya. Nataka kujua mahali tu, dada yangu aende na jembe na paroko. Najua huwezi kuandika, wenzako wataona mkono wako. Lakini wewe ni mtu wa kupiga mistari. Basi nakuwekea majina hapa chini. Piga mstari mmoja chini ya jina, ufunge bahasha, uiache ipite. Hakuna atakayejua ila sisi.

Nyuma ya bariere, penye mikalitusi

Kando ya mto, chini ya daraja

Shamba la zamani la misheni

Njia ya Kalembe, upande wa msitu

Mbali

Kama uliwahi kukaa mbele ya mwalimu, na mkono wako unasema uliwahi, nifanyie hivyo.

Eugène Nizeyimana, mtoto wa Hakorimana


Masisi, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2025

Mdogo wangu Eugène,

Nakusalimu, na Wivine, na mtoto. Mama Noëlla anawasalimu, ananiletea maziwa kidogo kila siku. Mvua ni nyingi. Viazi vya chini vimeoza.

Jana Muhindo alinipa barua yako. Safari hii alizima injini, akashuka, akavua kofia. Niliishika bahasha mkononi nikaigeuza pande zote mbili kabla ya kufanya lolote. Gundi ilikuwa imeshika vizuri, kona zote nne. Haikufunguliwa.

Nikamuuliza Muhindo, akanijibu akitazama magurudumu yake: "Wale walishahama, mama. Waliitwa ku vita ya mbali. Hawa wapya hawasomake. Wanapima tu gunia." Nikamuuliza kuhusu kijana mrefu mwenye kalamu. Amesikia kwamba alikuwa wa kwanza kuanguka, wengine wanasema alitoroka. Hakuna aliyebaki pale anayejua hata kwamba mzee mmoja aliwahi kuletwa na koti la kanisani.

Nimeifungua mimi mwenyewe, kwa kisu cha jibini. Nimesoma yote. Kuhusu hoteli, ndiyo, nilijua, tangu uliposema dirisha la mto. Na Papa alijua kabla yangu. Aliniambia: "Eugène anadanganya vizuri, muache aendelee." Nilitaka ulijue hilo.

Viatu usiviuze bado.

Usiku nilichukua kalamu ya Papa, ile nyekundu ya kusahihishia, nikakaa mbele ya yale majina matano. Nimeyasoma moja moja, nikijaribu kila moja moyoni. Kisha nimeirudisha kalamu mahali pake.

Dada yako,
Libérata